Mwongozo kamili wa kuanza karate, judo au ndondi ukiwa mtu mzima

Watu wazima wengi wanaoacha mazoezi ya mapigano hawaachi kwa sababu ya umri. Mtu anachagua mtindo aliouona kwenye filamu, analipa ada ya miezi sita kabla hajakanyaga ukumbini, anafanya mazoezi siku tano wiki ya kwanza, na wiki ya nne anapambana na kijana wa miaka 20 ambaye hajajifunza kupunguza nguvu. Goti linavimba. Anakosa siku mbili, kisha wiki, kisha anaona haya kurudi.

Mpangilio wa hatua hapa chini umekusudiwa kuziba mianya hiyo, kwa hiyo usiruke hatua. Jambo kubwa kuliko yote tunaliweka mwanzoni kabisa: tafuta klabu kwanza, mtindo baadaye. Karate ya kawaida yenye mwalimu makini, umbali wa daladala moja kutoka kwako, itakufaa kuliko jiu-jitsu ya hali ya juu iliyo upande wa pili wa jiji.

## Vitu vya kuandaa

- Fulana na suruali ya mazoezi isiyo na zipu, vifungo wala mifuko. Vidole vya mwenzako hunasa mfukoni na kuteguka.
- Kandambili za kuvaa hadi ukingoni mwa mkeka, hasa ukienda chooni.
- Kikata kucha. Kucha ndefu huchana ngozi na macho.
- Chupa ya maji ya lita 1 na taulo dogo.
- Kinga ya meno, ile ya kulainisha kwa maji ya moto na kung'ata ichukue umbo la meno yako. Fuata muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ukiizidishia maji ya moto inajikunja na haifai tena.
- Bandeji mbili za mikono za mita 4.5 kila moja, kwa anayekwenda kwenye ndondi au mateke na ngumi.
- Daftari dogo.

Usinunue gi (sare ya mazoezi) wala glavu bado. Gi ya karate ni nyepesi na ukiivaa kwenye judo itachanika kwapani siku ya kwanza, maana judo ni mchezo wa kukamatana nguo. Ya judo ni nzito, na kwenye karate utaloa jasho bila sababu. Subiri ujue unabaki wapi.

## Hatua ya 1: Pima mwili kabla ya kulipa chochote

Nenda zahanati au duka la dawa lenye kipimo, upime presha ukiwa umekaa na kutulia dakika tano. Ikisoma 140/90 au zaidi katika siku mbili tofauti, muone daktari kabla ya kuanza. Ikifika 180/110, usifanye mazoezi yoyote mazito mpaka upate matibabu. Mazoezi haya yana kukaza misuli huku umebana pumzi, na hapo presha hupanda ghafla.

Muone daktari pia kama una kisukari, ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa, selimundu, au mgongo uliowahi kufanyiwa upasuaji. Anayetumia insulini ale kabla ya mazoezi na awe na kitu cha sukari kwenye begi, mahali ambapo mwalimu anapajua. Mjamzito asianze mchezo wa kuangushana wala kupigana.

Kuna chanjo mbili za kuulizia: pepopunda, na homa ya ini B, ambayo kwa kawaida hutolewa dozi tatu ndani ya miezi sita. Ngozi huchubuka na pua hutoka damu kwenye michezo hii, na virusi vya homa ya ini B huambukiza kwa damu.

Umefaulu ukiwa na: vipimo vya presha vilivyoandikwa kwenye daftari, na orodha ya viungo vyako vyenye historia ya kuumia. Orodha hiyo utamsomea mwalimu siku ya kwanza.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya muda na nauli

Ada ya klabu ndiyo watu huulizia. Kinachowaangusha ni nauli. Vipindi viwili kwa wiki ni safari 16 kwa mwezi, kwenda na kurudi. Ikiwa unapanda magari mawili kila upande, ni nauli 32. Zidisha kwa bei ya mtaani kwako, ongeza bodaboda kwa siku ambazo kipindi kinaisha saa tatu usiku, ndipo ujumlishe ada.

Kisha fanya safari yenyewe, siku ya kazi, saa ile ile utakayokuwa unaenda. Barabara inayochukua dakika 20 Jumapili huweza kuchukua saa moja na nusu Jumanne jioni. Ikizidi dakika 45, tafuta klabu nyingine au vipindi vya asubuhi.

Andika pia unataka nini, kwa sentensi moja. Afya na wepesi? Mashindano? Kujihami? Kwa anayetaka kujihami, tuseme wazi: hakuna mtindo unaomfanya mtu ahimili panga au kisu kwa mikono mitupu. Vibaka wakikuzingira, toa simu, ondoka. Mazoezi yatakupa mbio, pumzi, utulivu na namna ya kujinasua mtu akikushika, na hayo yana thamani kubwa kwa jinsi yalivyo.

## Hatua ya 3: Jua kila mtindo unakamua wapi mwilini

Karate. Unaanza na misingi ya ngumi, mateke na kukinga, kisha kata, yaani mfululizo wa mienendo iliyopangwa unaoufanya peke yako, kisha kumite, yaani pambano. Shotokan na Goju-ryu ndizo utakazokutana nazo zaidi katika miji yetu. Shotokan ina misimamo mirefu ya chini inayochosha mapaja na magoti. Goju-ryu ina misimamo mifupi na mapigano ya karibu, na mwenye magoti mabovu huivumilia zaidi. Kyokushin ni habari nyingine: mnapigana mwili kwa nguvu kamili, ingawa ngumi za uso haziruhusiwi. Usianzie huko ukiwa na miaka 45 na hujafanya mazoezi kwa muda mrefu.

Taekwondo. Mateke, tena ya juu. Hutaka nyonga zilizolegea na misuli ya nyuma ya paja iliyonyooka. Mtu anayekaa ofisini kutwa ataumia paja akilazimisha teke la kichwa mwezi wa kwanza.

Ndondi. Misingi yake ni michache, kwa hiyo unaona maendeleo mapema: miguu, kichwa, aina chache za ngumi. Pumzi inajengeka haraka. Hatari yake iko kichwani, na hatua ya 9 inaieleza. Habari njema ni kwamba unaweza kufanya ndondi miaka mingi kwa begi la kupigia, pedi za kupigia anazoshika kocha na kamba ya kuruka, bila kupigwa kichwani hata mara moja.

Judo. Kukamatana na kuangushana. Zanzibar ina wachezaji wa siku nyingi. Inajenga nguvu ya mwili mzima na inafundisha kuanguka, ujuzi utakaokusaidia hata ukiteleza bafuni. Lakini bila mikeka mizuri, judo haifai kabisa.

Jiu-jitsu ya Brazil. Mapambano ya chini, kukaba na kukunja viungo. Hakuna kupigwa, na mnaanguka mara chache kuliko kwenye judo, ndiyo maana huwafaa wengi walioanza ukubwani. Vidole, shingo na magoti ndivyo hulalamika.

Muay Thai na kickboxing. Ngumi, mateke, na kwa Muay Thai viwiko na magoti pia. Miundi itauma miezi ya mwanzo. Usiipige kwa chupa wala fimbo ili "kuikomaza". Begi linatosha.

Kwa aliyevuka miaka 60, au anayerudi kutoka kwenye maradhi, taichi, mazoezi ya Kichina ya mienendo ya polepole, ni mlango mzuri. Huimarisha mizani ya mwili bila kugongana na mtu.

## Hatua ya 4: Tembelea klabu mbili, kaa pembeni, tazama

Omba ruhusa ya kutazama kipindi kizima kabla ya kulipa. Klabu inayokataa, iache. Ukiwa umekaa pale, tazama haya:

Sakafu. Saruji tupu inafaa kwa misingi ya karate, kamba na pedi. Haifai kurushana hata kidogo. Mikeka ya judo kwa kawaida ina unene wa sentimeta 4 au zaidi na haiteleziani mtu akisukumwa. Pita katikati ya mikeka uone kama kuna nafasi ambapo kidole cha mguu kinaweza kuzama. Vidole vingi huvunjikia hapo.

Mwalimu anapokuwa na mtu mpya. Anamtenga na kumpa mambo yake, au anamtupa katikati ya wakongwe? Anawapanga watu kwa uzito na uzoefu?

Wakongwe. Hili ndilo la muhimu kuliko yote, maana wao ndio watakaoushika mwili wako. Tazama mwenye mkanda wa juu akifanya mazoezi na dhaifu. Akipunguza nguvu na kumwelekeza, hapo pana mafunzo. Akimkomesha huku wengine wakicheka, ondoka.

Watu wa umri wako. Wakiwepo wawili watatu waliokaa mwaka mmoja na zaidi, klabu inajua kuwatunza watu wazima. Mwanamke atazame kama kuna wanawake wengine, mahali pa kubadilishia nguo, na kama mtu anaweza kuchagua wa kufanya naye mazoezi bila kuulizwa maswali. Anayevaa hijabu aulize waziwazi. Mashirikisho ya dunia ya karate na taekwondo yanaruhusu hijabu ya michezo mashindanoni, kwa hiyo klabu haina sababu ya kuikataa mazoezini.

Kipindi kikiisha, muulize mwalimu: amefundishwa na nani, vyeti vyake vya mkanda vimetoka chama gani, pambano huanza baada ya muda gani, na mtu akiumia wanafanya nini. Anayejua kazi yake atajibu bila kukasirika.

Dalili za kukimbia: anaahidi mkanda mweusi ndani ya miezi sita, anataka ada ya mwaka mzima kwa mkupuo, hakuna sanduku la huduma ya kwanza, au anajivunia idadi ya watu walioumia kwake.

Jambo la adabu ambalo huwakwaza watu wazima wa kwetu: huenda ukafundishwa na kijana anayekuamkia shikamoo mlangoni. Ndani ya ukumbi yeye ndiye sensei au kocha, nawe unainama kama wengine. Walimu vijana wengi huona haya kumrekebisha mtu mwenye umri wa baba yao, na matokeo yake unabaki na makosa mwaka mzima. Mwambie mapema: "Sensei, nirekebishe kama unavyomrekebisha mwingine yeyote." Sentensi hiyo itakuongezea maendeleo kuliko vifaa vyote utakavyonunua.

Umefaulu ukiwa: umelipa mwezi mmoja tu, mahali ambapo unajua majina ya watu wawili wa kuanza nao.

## Hatua ya 5: Wiki sita za kwanza, vipindi viwili tu

Vipindi viwili kwa wiki, vikitenganishwa na saa 48 au zaidi. Jumanne na Ijumaa, kwa mfano. Hata ukijisikia una nguvu za kwenda kila siku, usiende.

Misuli hupata nguvu ndani ya wiki chache, lakini kano zinazoishikilia kwenye mifupa hukomaa polepole zaidi. Wiki ya nne misuli inasema "twende", kumbe kano ya kisigino au ya kiwiko iko nyuma. Hapo ndipo wengi huumia, wakati ule ule wanapoanza kufurahia.

Kila kipindi, zingatia kiwango hiki: uweze kusema sentensi fupi huku unafanya mazoezi. Ukishindwa hata neno moja, punguza. Hakuna aibu kutoka kwenye mstari, kuinama mara moja na kupumua.

Kula chakula kizito saa mbili hadi tatu kabla. Ukitoka kazini moja kwa moja, ndizi mbivu moja au mbili nusu saa kabla zinatosha. Kwenye joto la Pwani, jipime uzito kabla na baada ya kipindi. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita 1 ya jasho, na uirudishe polepole jioni ile kwa lita 1 hadi 1.5, pamoja na chakula chenye chumvi.

Nyumbani, siku zisizo za klabu, dakika 10 zinatosha: kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30 kila upande, kuchuchumaa na kuinuka mara 15, kunyoosha nyonga, na kurudia polepole jambo moja tu ulilofundishwa. Jambo moja. Anayerudia matano hujifunza makosa matano.

Mwezi wa Ramadhani hauna haja ya kukatiza. Hamishia mazoezi baada ya tarawehe, au nusu saa ya mwisho kabla ya futari kwa mwendo mwepesi wa kata na kunyoosha viungo. Pambano na vipimo vya pumzi viache mpaka baada ya Idi.

Umefaulu ukiwa: wiki ya sita umehudhuria angalau vipindi 10 kati ya 12, na maumivu ya misuli yanaisha ndani ya siku tatu. Sasa nunua gi au glavu, na ukitaka, ongeza kipindi cha tatu.

## Hatua ya 6: Jifunze kuanguka kabla ya kuangushwa

Hata wa karate na ndondi wajifunze. Mtu asiyejua kuanguka hutanguliza kiganja, na kifundo cha mkono au bega hulipa gharama.

1. Lala chali kwenye mkeka. Kidevu kifuani, utazame mkanda wako. Kichwa kisiguse chini.
2. Inua mikono yote miwili mbele ya kifua, kisha piga mkeka kwa mkono mzima, kuanzia kwapa hadi vidole, viganja vikitazama chini. Mikono iwe mbali na mbavu kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45. Ikipanuka hadi usawa wa mabega, bega huumia. Ikibana mbavuni, unaangukia kiwiko chako.
3. Toa pumzi kila unapopiga. Ukiibana, utahisi kifua kimefungwa.
4. Fanya mara 10. Kisha anzia kuchuchumaa: kaa karibu na visigino, jiviringishe nyuma kwa mgongo uliokunjika, piga.
5. Kisha upande, mara 10 kulia na 10 kushoto. Mguu wa chini umenyooka kidogo, wa juu umekunjwa, vifundo vya miguu visigongane.
6. Kutoka kusimama, ukishaweza hatua zote bila kichwa kugusa. Kwa wengi huchukua wiki tatu hadi tano.

Kosa la kawaida ni kugeuka kutazama unakoangukia. Kichwa kikigeuka, kidevu huachana na kifua na kisogo hugonga. Macho yabaki kwenye mkanda.

Umefaulu ukiwa: mwenzako anakusukuma bila kukwambia, unaanguka, unapiga mkeka, na hujisikii kutaka kushika chochote.

## Hatua ya 7: Funga bandeji, kisha upige begi

Mkono una mifupa midogo mingi, na glavu peke yake haiishikilii. Mfupa wa upande wa kidole cha mwisho ndio huvunjika zaidi kwa anayepiga ovyo.

1. Tanua vidole vyote kadiri uwezavyo na uviache hivyo muda wote. Ukifunga vidole vikiwa vimebanana, ukikunja ngumi bandeji itakata damu.
2. Ingiza gumba kwenye kitanzi, pitisha bandeji upande wa mgongo wa mkono. Ukiipitisha kiganjani kwanza, italegea kila ukikunja ngumi.
3. Zungusha kifundo cha mkono mara tatu, bila mikunjo.
4. Panda hadi kwenye vifundo vya ngumi, zungusha mara tatu.
5. Rudi kifundoni, kisha pitisha katikati ya kidole cha mwisho na cha pete, rudi kifundoni. Rudia kati ya cha pete na cha kati, kisha cha kati na cha shahada.
6. Zungusha gumba mara moja.
7. Urefu uliobaki umalizie vifundo vya ngumi, na mwisho kabisa kifundo cha mkono, ufunge.

Kunja ngumi: ijisikie imejaa na kifundo kisipinde ukisukuma ukuta. Fungua: vidole visife ganzi wala kubadilika rangi. Vikibadilika, fungua uanze upya, usivumilie.

Kwa begi, watu wazima wengi hutumia glavu za aunsi 12 au 14. Za kupambana ni aunsi 16. Usitumie zile ulizopigia begi miezi sita kupambana na mtu, kwa kuwa sifongo lake limeshasagika.

Raundi za mwanzo ziwe tatu za dakika 2, mapumziko dakika 1. Piga kwa nusu ya nguvu, vifundo viwili vya kwanza vya ngumi vikitangulia, kifundo cha mkono kimenyooka na mkono wa mbele. Sauti ikuongoze: pigo safi hutoa mlio mfupi mkavu. Begi likibembea sana, unalisukuma. Ukisikia uchungu kwenye kifundo, pumzika siku hiyo, na kipindi kijacho mwombe kocha akutazame kwa ngumi moja moja.

Baada ya mazoezi, fungua glavu mdomo wazi mahali penye upepo. Ukizifungia kwenye begi la nguo zitaoza na ngozi yako itaota choa.

## Hatua ya 8: Teke huanzia mguu uliosimamia

Watu hutazama mguu unaoruka. Goti linaloumia mara nyingi ni la mguu uliobaki chini.

Unapopiga teke la mzunguko, nyonga inazunguka. Wayo wa chini ukibaki umegandamana na sakafu, mzunguko huo wote unaishia gotini, na goti halikuumbwa kujipinda kwa namna hiyo. Kwa hiyo inua kisigino kidogo, zunguka kwa sehemu ya mbele ya wayo mpaka kisigino kielekee lengo, ndipo mguu wa juu uondoke. Fanya bila teke kwanza, kuzunguka tu, mara 20 kila upande ukishika ukuta.

Urefu wa teke: paja, kisha kiunoni. Miezi mitatu ya kwanza usivuke kiuno. Mikeka inayoshika sana miguu au viatu vya mpira huzuia wayo kuzunguka, kwa hiyo chunguza hilo pia.

## Hatua ya 9: Pambano la mazoezi

Usianze kabla ya mwezi wa tatu kwa mitindo ya kupiga. Kwenye judo na jiu-jitsu unaweza kuanza mapema, mkianzia chini kwenye mkeka, na mtu mwenye uzito unaokaribiana na wako. Akikuzidi zaidi ya kilo 10 na bado ni mgeni, kataa kwa heshima.

Kabla ya kila raundi, sema kiwango: "Twende taratibu, kaka, kichwa hapana." Mkubaliane wazi. Raundi za kwanza ziwe za mwili tu, kwa theluthi ya nguvu, dakika 2. Kinga ya meno mdomoni, kinga ya sehemu za siri kwa wanaume.

Kofia ya ndondi hupunguza michaniko na uvimbe. Haizuii mtikisiko wa ubongo, maana ubongo hutikisika ndani ya fuvu hata ngozi isipoguswa. Mtu mwenye kazi, familia na leseni ya udereva hana sababu ya kupigwa kichwani kwa nguvu kila wiki.

Kwenye jiu-jitsu na judo, ukikabwa au kukunjwa kiungo, gonga mwili wa mwenzako mara mbili au tatu, au sema "basi". Gonga mapema, kabla maumivu hayajafika. Kiwiko kikinyooshwa kupita mwisho huchanika kabla hujamaliza kuwaza, na ukabaji uliokaa sawasawa shingoni humzimisha mtu ndani ya sekunde 10 hivi. Mwenzako akigonga, achia papo hapo. Mikunjo ya kisigino inayozungusha goti si ya wanaoanza, kwani goti huchanika kabla ya kuuma.

Umefaulu ukiwa: unaweza kupumua kwa pua katikati ya raundi, na wenzako wanakuomba mfanye tena.

## Hatua ya 10: Ukiumia

Maumivu ya misuli huja kesho yake, yameenea, na hupungua ukijongea. Fanya mazoezi mepesi. Maumivu makali ya sehemu moja, uvimbe wa kiungo, au goti linaloteleza au kujifunga: acha.

Kifundo cha mguu kikiteguka, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, funga bandeji, inua mguu. Ukishindwa kutembea hatua nne, nenda ukapige eksirei. Usimruhusu mtu akukande kwa nguvu wala "kukunyoosha" siku hiyo.

Ukipigwa kichwa na kuona kizunguzungu, ukungu, kichefuchefu au kupoteza kumbukumbu, mazoezi yameisha kwa siku hiyo, hata ukijisikia nafuu baada ya dakika tano. Usirudi nyumbani ukiendesha. Awepo mtu wa kukuangalia saa 24. Ukitapika zaidi ya mara moja, maumivu ya kichwa yakizidi, ukipata degedege, mboni za macho zikitofautiana au ukichanganyikiwa, ni hospitali mara moja. Hakuna kuguswa kichwa tena mpaka daktari aruhusu.

Mabaka ya mviringo yanayowasha ni choa. Kaa nje ya mkeka, paka dawa ya fangasi kwa muda wote ulioandikwa hata baka likififia mapema, na umwambie mwalimu. Gi ifuliwe kila baada ya kipindi, mkanda pia.

## Hatua ya 11: Mikanda, na kurudi ukikatiza

Mtihani wa kwanza wa karate huja kati ya miezi mitatu na sita kwa anayehudhuria vizuri. Mkanda mweusi ni kazi ya miaka minne na zaidi, na kwenye jiu-jitsu ni karibu miaka kumi. Ulizia gharama ya mtihani na cheti mapema, maana kwenye klabu nyingine huzidi ada ya mwezi.

Safari, msiba, kazi au malaria vitakutoa ukumbini siku moja. Mtumie mwalimu ujumbe kabla ya wiki kuisha, nafasi yako ibaki. Ukikaa nje zaidi ya wiki mbili, wiki ya kwanza ya kurudi fanya nusu ya kipindi bila pambano, na uanze na kuanguka kwa hatua ya 6. Ukikaa zaidi ya miezi mitatu, rudi hatua ya 5 kana kwamba wewe ni mpya, wiki tatu badala ya sita. Ulikuwa na homa? Subiri siku mbili bila homa na hamu ya kula imerudi, kisha uingie na kamba raundi mbili tu.